Mambo ya Wahindi Waachie Wahindi

Kuna sentensi moja nimekua nikiisikia kwetu, na naamini wewe pia umeisikia kwenu: "Mambo ya Wahindi waachie Wahindi."

Mara ya kwanza kuisikia vizuri nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Tulikuwa tunaishi Ngara, orofa ya tatu, na mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa familia ya Kihindi: mume, mke, watoto wawili, na mama mkwe ambaye hakuwahi kutusalimia. Usiku fulani, hasa wikendi, tulikuwa tunasikia vitu. Kwanza sauti ya mwanaume, halafu kitu kizito kikigonga ukuta, halafu kimya, na kile kimya kilikuwa kibaya kuliko kelele. Baba alikuwa anaongeza sauti ya TV. Mathe alikuwa anasema ile sentensi. Kesho yake tunapishana na yule mama kwenye ngazi amevaa miwani ya jua, ndani ya jengo ambalo hata taa za ngazi hazikuwa zinawaka.

Na mimi niliamini kabisa kwamba ile sentensi ni heshima. Wao wana mila zao, sisi tuna zetu, kila mtu abaki kwake. Si hivyo ndivyo tumefunzwa kuishi Nairobi?

Sasa, mwaka jana nilikuwa nasoma kuhusu Wahindi waliotoka Kenya kwenda Uingereza miaka ya 60, kwa ajili ya video ambayo hata sikuimaliza. Nikaikuta sentensi yetu huko London. Safari hii wanaoisema si mathe na majirani. Ni polisi, ni watu wa ustawi wa jamii, ni wanasiasa. Na nikakuta wanawake waliokataa kuisikia, baadhi yao wametoka huku kwetu. Hiyo ndiyo stori ya leo. Ni ndefu kidogo, tulia.

Tuanzie nyumbani. Kenya ilipopata uhuru 1963, Wahindi wengi ambao hawakuwa raia moja kwa moja walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Wengi hawakuomba, wakabaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 zikaja sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara: kama wewe si raia, kazi unaombea kibali, na biashara kuna mahali huruhusiwi kufanya. Watu wakaanza kufunga mizigo. Uingereza ikaingiwa na hofu, na kufikia tarehe 1 Machi 1968 bunge lake lilikuwa limepitisha sheria ya kuwazuia watu wenye pasipoti zake yenyewe. Ilichukua siku tatu. Siku tatu! Hapa kwetu mswada unaweza kulala miaka. Lakini maelfu walikuwa wameshaingia, wengine wakaendelea kuingia kwa foleni, na 1972 Idi Amin akawafukuza wale wa Uganda.

Wengi waliangukia vitongoji kama Southall, magharibi mwa London, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, ambako Wapunjabi walikuwa wameshatangulia kufanya kazi za viwandani. Mtu aliyekuwa na duka huku akajikuta kwenye laini ya kiwanda, na mke wake pia, yule ambaye Nairobi alikuwa na yaya na mpishi. (Ndiyo, hao yaya na wapishi walikuwa nyanya zetu. Hiyo nayo ni stori, ila si ya leo.) Wanawake hawa hawakuwa wapole hivyo. Mgomo wa kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, 1976 hadi 1978, uliongozwa na Jayaben Desai, mama aliyekuwa ameishi Tanganyika.

Tarehe 23 Aprili 1979 chama cha kibaguzi cha National Front kiliitisha mkutano Southall, katikati ya mtaa wa Wahindi, makusudi kabisa. Watu wakaandamana, polisi wakaingia, na mwalimu mmoja kutoka New Zealand, Blair Peach, akauawa kwa kupigwa kichwani. Mtaa ulikuwa na hasira. Mwaka huohuo kundi la wanawake likajiundia chama, wakakiita Southall Black Sisters. Mmoja wa walioanzisha ni Avtar Brah, aliyekulia Uganda. Miaka michache baadaye akajiunga Pragna Patel, aliyezaliwa hapa Kenya na kupelekwa Uingereza akiwa mtoto mdogo, na yeye ndiye alikuja kuwa sura ya kundi kwa miongo.

Najua mnachofikiria. Wahindi kujiita weusi? Nilicheka pia. Lakini fikiria: hapa Kenya, Mkoloni alikuwa amepanga watu kama rafu za duka, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, kila mmoja na shule yake na hospitali yake. Ukifika London rafu ya katikati haipo. Mtu anayekutemea mate barabarani haulizi kama babu yako alikuwa na duka Kisumu. Kwa hiyo Wahindi, Waafrika na watu wa Karibea wakachukua neno moja, weusi, kama jina la siasa. Unaweza kuuliza mbona hawakulichukua wakiwa huku. Swali zuri, sina la kuwatetea.

Turudi kwa wanawake. Shida waliyoikuta Southall haikuwa National Front peke yake. Wanawake walianza kuja na stori za nyumbani: mume anapiga, mama mkwe anashikilia pasipoti, kaka anasema ukirudi kwetu tutakuua. Na walipokwenda kwa serikali, serikali ikawaambia, kwa Kiingereza kizuri, mambo ya Wahindi waachie Wahindi.

Hapa lazima nielezee kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu, au uchungu. Uingereza ya wakati ule ilikuwa inajifunza kuishi na wageni. Ikaamua kwamba kila jamii ina mila zake na viongozi wake, na njia ya heshima ni kuongea na hao viongozi. Nani viongozi? Wazee wa hekalu, wa gurdwara, wa msikiti. Wanaume. Kwa hiyo mwanamke akifika kituoni usiku na mdomo umepasuka, afisa anaweza kufikiria kumpigia mzee fulani aje awapatanishe. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii, Mzungu, mtu mwema tu, anaogopa kuitwa mbaguzi, kwa hiyo anasema hii ni mila yao, tusiingilie. Mwanamke anarudishwa nyumbani. Mzee amefurahi, afisa amefunga faili, mila imeheshimiwa. Aliyeumia ni mmoja tu.

Usiwacheke. Umewahi kusikia hapa, "mkaelewane nyumbani"? Umewahi kuona kesi ikimalizwa chini ya mti kwa mbuzi?

Upande wa pili walikuwa wanaume wa jamii yao wenyewe, wengine wakiwa wapiganaji wazuri tu dhidi ya ubaguzi. Hao walisema: mnatuvua nguo mbele ya Wazungu. Mnawapa sababu ya kutudharau. Ngojeni tumalize ubaguzi kwanza, haya ya nyumbani tutayashughulikia baadaye. Baadaye lini, hawakusema.

Mwaka 1984 mwanamke mmoja wa Southall, Krishna Sharma, alikutwa amekufa kwa kitanzi baada ya miaka ya kupigwa. Wale akina dada hawakuandamana bungeni. Walikwenda hadi nje ya nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe, wakapiga kelele pale, majirani wote wasikie. Njia hiyo hawakuitoa kwa Wazungu. Wanawake India walikuwa wanafanya hivyo, wanapeleka aibu mlangoni mwa mwenye kosa. Nimeipenda hiyo sana, kwa sababu ilijibu wazee kwa lugha yao: mnasema kunyamaza ni mila? Basi na kupiga kelele pia ni mila. Yetu.

Sasa kuhusu mahali pa kukimbilia. Nyumba salama ya kwanza maarufu Uingereza ilifunguliwa Chiswick, 1971, si mbali na Southall. Kwa hiyo nyumba zilikuwepo. Swali nililojiuliza ni lilelile halmashauri zimeuliza mara nyingi: kwa nini Wahindi wanataka zao?

Jiweke kwenye viatu vya huyo mama. Umeondoka usiku na watoto na mfuko mmoja. Kiingereza chako ni cha kununua mkate. Unaingia nyumba ya wanawake wasiokujua, jiko ni moja, wewe hujawahi kugusa nyama maishani na sufuria unayopewa jana ilikaangiwa nguruwe. Mwenzako wa chumba, naye amepigwa na mumewe, naye analia, anakuambia rudi kwenu. Watoto wako wanaitwa majina mabaya kwenye ngazi. Mshauri anakuuliza unajisikiaje, na hakuna neno la Kiingereza la kile unachojisikia, kwa sababu unachojisikia kinaitwa izzat.

Izzat ni heshima, lakini si yako. Ni ya familia, na wewe mwanamke ndiye umebebeshwa kama mtungi kichwani. Ukijikwaa, umemwaga ya wote. Dada zako hawataolewa. Baba yako hatainua uso. Msichana wa Chiswick akimwacha mume amemwacha mume. Huyu akimwacha mume amepoteza mama, shangazi, mahali pa kuabudu, duka la viungo, kila mtu anayeongea lugha yake. Na hao hao ndio wanaoweza kumtafuta: mwenye duka anamjua dereva wa teksi, dereva anamjua binamu, na kabla ya wiki kuisha mume anajua uko wapi.

Basi zikaanzishwa nyumba za wanawake wa Kiasia, zinazoendeshwa na wanawake wa Kiasia. Mtu anapokea simu kwa Kigujarati, Kipunjabi, Kiurdu, Kibengali. Jiko linaeleweka. Na huulizwi izzat ni nini, kwa sababu anayekusikiliza naye aliibeba.

Haikuwa peponi. Oktoba 1985, kwenye nyumba ya wanawake wa Kiasia huko Brent, kaskazini magharibi mwa London, Balwant Kaur aliuawa kwa kisu na mume aliyekuwa amemkimbia. Binti zake watatu walikuwepo. Alikuwa amefanya kila kitu tunachowaambia wanawake wafanye. Aliondoka.

Na sasa Kiranjit Ahluwalia. Kama unajua jina moja kwenye stori hii labda ni hili, kwa sababu ya filamu ya Provoked ya 2006, Aishwarya Rai akiwa Kiranjit. Mwenyewe alikuwa wa Punjab, akaolewa 1979 akiwa na miaka 24, wakaishi Crawley, kusini mwa London. Miaka kumi ya kipigo. Alikwenda mahakamani mara mbili kuomba amri ya kumzuia mume. Familia ikamwambia arudi, avumilie, izzat. Usiku mmoja wa Mei 1989 mume alijaribu kumvunja vifundo vya miguu, akamchoma uso kwa pasi ya moto. Halafu akaenda kulala. Baadaye usiku huo Kiranjit alimwaga petroli kitandani akawasha. Mume alikufa hospitalini siku chache baadaye.

Desemba 1989 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kuua kwa kukusudia. Kwenye kesi hakutoa ushahidi wake mwenyewe. Mwanamke aliyefunzwa tangu utotoni kwamba ya chumbani hayasemwi, umsimamishe mbele ya watu kumi na wawili wasiomjua na umwambie aeleze? Hata angetaka, sheria yenyewe ilikuwa imekatwa kwa kipimo cha mwanaume. Ukisema ulichokozwa, lazima uwe ulishikwa na hasira ghafla, palepale. Ukingoja, ulipanga. Lakini mtu mdogo akipigana na mtu mkubwa lazima angoje. Akijibu palepale anakufa yeye.

Southall Black Sisters walianza kumtembelea gerezani na kumpigia kampeni. Mawakili wapya wakaingia na ushahidi ambao kesi ya kwanza haikuuona, ukiwemo wa madaktari kuhusu hali ya akili yake. Julai 1992 Mahakama ya Rufaa ikafuta hukumu na kuamuru kesi ianze upya. Septemba mwaka huo mahakama ikakubali kwamba aliua akili yake ikiwa imelemewa, kosa dogo kuliko lile la kwanza, ikampa miaka mitatu na miezi minne. Muda huo alikuwa ameshaukaa. Akatoka siku hiyohiyo. Na majaji wa rufaa walikuwa wameandika kwamba kuchelewa kujibu si lazima kumwondolee mtu utetezi wa kuchokozwa. Sheria ya Uingereza ya 2009 ilipokuja kuandikwa upya, neno la ghafla likaondolewa kama sharti.

Ningeishia hapo ingekuwa video safi, muziki unapanda, tunalia kidogo. Lakini kuna Zoora Shah, wa Bradford, ambaye hakuna aliyemtengenezea filamu. Alimuua kwa sumu mwanaume aliyemtumia kwa miaka kama kitu chake. Mwaka 1993 alipata kifungo cha maisha, akae angalau miaka 20. Naye alinyamaza mahakamani. Alikuwa na mabinti, na angesema aliyofanyiwa nani angewaoa? Alipokuja kusema kwenye rufaa, 1998, majaji hawakumwamini: mbona hukusema mwanzoni? Ile miaka 20 ilikuja kupunguzwa hadi 12, akatoka 2006. Kiranjit alikuwa mke wa ndoa, amesoma, anahurumika. Zoora hakuwa mke halali, alikuwa maskini, hakujua kusoma, na alishawahi kusema uongo. Huruma nayo ina ubaguzi wake.

Ya viza nitapita haraka, ingawa imeumiza watu wengi. Mke aliyeletwa kutoka nje alikuwa kwenye majaribio ya mwaka mmoja. Ndoa ikivunjika kabla, anarudishwa. Na hana haki ya pesa za serikali, kwa hiyo hata nyumba salama haiwezi kumpokea, kodi atalipa nani? Mume alihitaji kusema neno moja tu: ondoka uone. Kampeni ya miaka mingi ikapata nafasi kidogo 1999, kwa walioweza kuonyesha ushahidi wa kipigo, na mwaka 2012 utaratibu wa kuwapa wengine wao msaada wa muda wakisubiri maombi yao.

Mwaka 1999 pia serikali iliunda jopo kuhusu ndoa za kulazimishwa. Southall Black Sisters waliingia, halafu wakatoka, kwa sababu jopo lilikubali upatanisho na familia uwe moja ya njia. Miaka ishirini tangu 1979, na bado mtu anataka kumpigia mzee simu.

Halafu 2008. Halmashauri ya Ealing, ambayo Southall iko chini yake, ikasema pesa sasa ziende kwa huduma moja ya wanawake wote. Usawa, si ndiyo? Ikadai hata kwamba kundi la weusi na Waasia peke yao linakiuka sheria ya ubaguzi. Wanawake wawili waliokuwa wakihudumiwa pale wakaenda Mahakama Kuu. Julai 2008 halmashauri ikasalimu amri kesi ikiendelea, na Jaji Moses akaandika kwamba huduma maalum kwa walio wachache inaweza kuwa njia ya kuufikia usawa wenyewe.

Kwa hiyo unaona ile sentensi ina sura mbili. Sura ya kwanza inasema hao ni tofauti, tusiwaguse. Ya pili inasema sote ni sawa, hakuna haja ya kukuwekea jiko lako. Zote zinamwacha mwanamke nje ya mlango. Wale akina dada walifanya kitu cha tatu: walimwekea jiko, wakaongea lugha yake, wakajua izzat bila kutafsiriwa, na bado wakampeleka mume mahakamani bila kuomba ruhusa ya mzee yeyote. Mimi nilikuwa nadhani hayo mawili hayawezi kukaa pamoja.

Serikali yetu ilitangaza Wakenya wa asili ya Kihindi kuwa kabila la 44 mwaka 2017. Tulikuwa tumeshahama Ngara. Yule mama sijui aliishia wapi. Juzi nilimuuliza mathe kama anamkumbuka, na mbona hatukuwahi kugonga ule mlango. Alikuwa anachambua sukuma, hakuinua kichwa.

"Sasa tungemwambia nini? Hata lugha yao hatujui."

Lakini mimi nakumbuka. Jumamosi asubuhi wote wawili walikuwa wanasimama kwenye ngazi na mifuko yao kutoka sokoni, wanalalamika bei ya nyanya, na yule mama Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

Nilimkumbusha hivyo. Akaendelea kuchambua kwa muda. Halafu akasema, "Alikuwa ananipa dhania ikibaki," na akanyamaza.